Domitila na Mti Unaonuka

Kwetu Huildaco, kijiji cha kisiwani, watu walikuwa wakibatizwa mara mbili. Mara ya kwanza na padri, aliyekuja kwa mashua mara chache kwa mwaka, na mara ya pili na Domitila Paillacar, ambaye alikuwepo siku zote. Jina la padri liliandikwa kitabuni likasahaulika humo. Jina la Domitila lilimganda mtu mpaka kaburini, na wajukuu walilirithi pamoja na shamba.

Yote yalikuwa majina ya miti. Baba yake alikuwa mpasua vigae vya mbao, mtu wa kuishi msituni na shoka lake, akamlea binti yake huko huko kwenye kivuli na mvua. Mtoto akaijua miti kabla ya kuwajua watu, na alipokuja kuwajua watu akaona hawana jipya.

Mwalimu wa zamani, mtu wa kuwaka asubuhi na kupoa kabla chai haijaiva, akawa Notro, kwa kuwa notro huchanua mwekundu mlima mzima na ukigeuka kumwita jirani aje kuona, maua yameshapukutika. Mke wa mwenye duka, mwenye shingo nzuri na mkono wa baridi, akawa Arrayán. Nenda ukaguse gome la arrayán siku ya jua kali uone. Ndugu wawili wa kule mtoni, ambao kuazima chumvi kwao ni kazi ya nusu siku, wakawa Luma Mkubwa na Luma Mdogo, maana luma hupinda msumari na kuchosha msumeno. Watu walinung'unika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walianza kuitikia.

Domitila mwenyewe alikuwa mti gani? Mbele yake hakuwa mti wowote. Nyuma yake kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo.

Aliyeumia kweli ni mmoja tu, naye ni Sixto Chiguay. Yeye ndiye aliyekuwa na maksai wazuri kuliko wote, na ndiye aliyeongoza kila nyumba inapovutwa kuhamishiwa mahali pengine. Zamani alikuwa rafiki wa damu wa Baldomero, mume wa Domitila. Baldomero alipofariki, mkewe alipanda kichaka cha chilco juu ya kaburi, kile cha maua mekundu yanayoning'inia kama hereni, ndege wadogo wakawa hawabanduki pale. Mwaka huo huo kanisa lilihitaji uzio mpya wa makaburi, na Sixto akajitolea nguzo. Alitoa nguzo za tepa.

Sasa tepa ni mti mzuri ukiwa umesimama. Umenyooka, mrefu, majani yake ukiyasugua yananukia. Lakini mbao yake ikipasuliwa mbichi, au ikiloa, inanuka kama soksi iliyosahauliwa ndani ya buti. Tena ukiuchomeka udongoni hauna maisha. Nguzo za Sixto zilimaliza majira mawili ya baridi, zikaoza, uzio ukalala chini, nguruwe wakaingia makaburini. Cha kwanza kufukuliwa kilikuwa kichaka cha Baldomero, mizizi juu.

Jumapili iliyofuata Domitila alimsubiri Sixto mlangoni pa kanisa, watu wote wakiwa wanatoka.

"Don Sixto," alisema, "wewe ni tepa. Nje umenyooka, ndani ni kuoza, na unanuka. Marehemu mume wangu aliijua mbao. Mimi nyumba yangu ni mañío mtupu, ukuta kwa ukuta, na ndani yake hatutaki harufu yako."

Mañío, kwetu, ni mbao ya heshima, ya rangi ya siagi. Sixto aliizungusha kofia yake mikononi. Alifungua kinywa, akakifunga, akaenda zake. Tangu siku hiyo akawa don Tepa, yaani Bwana Tepa, na watoto wake wakawa wana wa Tepa. Yeye na Domitila hawakusalimiana tena. Wakikutana njiani, leo huyu, kesho yule, aliingia kwenye mianzi ya quila akasubiri mwenzake apite, na wote wawili walikuwa wakitoka huko wamechanika mikono. Mambo yakawa hivyo kwa miaka mingi, wazee wakazeeka zaidi, na usipoangalia ungedhani ni desturi.

Kumbe bahari ilikuwa na hesabu zake. Nyumba ya Domitila ilisimama juu ya ukingo wa udongo, na kila majira ya baridi mawimbi yalimega kipande. Yalianza na njia ya kushukia ufukweni. Kisha yakachukua banda la nguruwe. Mwaka wa mwisho yakachukua mitufaha miwili kwa usiku mmoja, na asubuhi Domitila aliiona inaelea na matawi yake, kama vile inakwenda safari. Kutoka jikoni mpaka ukingoni pakabaki mahali pa kutandaza shuka moja tu.

Binti yake Nelda, muuguzi mjini Puerto Montt, alikuja kwa mashua akautazama ule ukingo uliomegwa, akasema bila kuzunguka.

"Mama, baridi ijayo ni zamu ya jiko. Ama nyumba ihame, ama wewe uhamie kwangu."

Kwa Nelda ilikuwa ghorofa ya nne. Domitila alishawahi kufika. Alisimama dirishani asubuhi nzima akitafuta mti, akaona uwanja wa kuegesha magari na mchikichi mmoja ndani ya ndoo. Alirudi Huildaco siku iliyofuata akisema kifua kinambana. Kwa hiyo habari ya ghorofa ya nne haikuwa habari ya kujadili. Nyumba ingehama, au yeye angekufa akitazama magari.

Kuhamisha nyumba si ajabu kwetu. Nyumba ni ya mbao, ikae ardhini kwa nini kama imechoka na mahali? Unaichomoa kwenye nguzo zake, unaikalisha juu ya magogo mawili marefu, unafunga maksai, majirani wanashika kamba, inakwenda. Huo ndio minga, msaragambo wetu. Hakuna anayelipwa, na hakuna anayesahau. Domitila mwenyewe hakuwahi kukosa minga tangu alipokuwa msichana wa kubeba maji. Alikuwa wa kwanza kufika, akayapiga magogo kwa kisigino na kutangaza lipi litavunjika, na mara nyingi lilivunjika. Alikuwa pia na uwanja wa baba yake kule juu kilimani, karibu na mti mkubwa wa ulmo, mahali ambapo bahari ingehitaji ngazi.

Ila minga una sheria moja. Lazima uombe. Unakwenda kwa miguu yako mwenyewe, nyumba kwa nyumba, unapiga hodi, unakaa, unakunywa chai, mnazungumza viazi na mvua na mguu wa bibi, na mwishoni kabisa unasema: nimekuja kukuomba. Anayeombwa hakatai. Lakini asiyeombwa haji, hata kama anaona nyumba inazama.

Na hapo ndipo Domitila alipokwama. Katika maisha yake alikuwa amempa kila mtu kitu, na kila mtu jina, lakini hakuwa amemwomba mtu hata kijiti cha kiberiti. Neno lenyewe lilikuwa halipiti kooni. Tena tuseme ukweli wote: njia ya kupanda kilimani ilikata katikati ya shamba la Sixto Chiguay, na hakuna nyumba iliyowahi kuvutwa Huildaco bila maksai wa Sixto mbele. Wahenga wa hapa na wa kwingine walishasema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Domitila alikuwa amemtukana mkunga, na sasa uchungu umemshika.

Basi akatafuta njia ya mkato. Kila mchana redio husoma salamu na ujumbe kwa watu wa visiwani: fulani kajifungua salama, fulani ashuke gatini kupokea unga. Domitila akapeleka ujumbe wake. Ukasomwa saa ya chakula, kijiji kizima kikiwa mezani, kwa sauti nzuri ya yule mtangazaji wa kiume:

"Doña Domitila Paillacar wa Huildaco anawaarifu majirani wote kwamba nyumba yake itavutwa Jumamosi. Wenye maksai waje nao."

Nasikia Arrayán alipaliwa na supu. Luma Mkubwa alimwuliza mkewe kama hiyo ni minga au ni kodi ya serikali. "Anatuarifu," walirudia watu wakikutana dukani, wakipeana mikono kwa heshima ya uongo. "Nakuarifu, jirani." "Nimearifika." Hakuna aliyemchukia. Lakini hakuna aliyeombwa.

Jumamosi ilipofika Domitila alikuwa ameamka mapema na mapema. Alikuwa amekuna viazi gunia zima, akakaanga milcao, vile vibonge vya viazi vyenye mafuta ya nguruwe ndani, mpaka meza ikajaa na benchi ikajaa. Alitoa pipa la chicha, pombe yetu ya tufaha. Alivaa aproni safi, akasimama uani akitazama njia. Jua lilipanda. Akaja mbwa wa Luma Mdogo, akanusa, akapewa kimoja, akaondoka.

Mchana Nelda alifika kwa mashua ya abiria, akamkuta mama yake amekaa peke yake nyuma ya mlima wa milcao.

"Wote ni tepa," alisema Domitila. "Kijiji kizima."

Nelda alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, msitu mzima ukinuka, labda ni pua yako."

Kwa kawaida mtu aliyesema hivyo angepata jina jipya papo hapo. Lakini Domitila alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza aliogopa. Alitazama dirisha la jikoni, ambalo sasa lilikuwa limejaa bahari tupu. Aliuliza kwa sauti ndogo afanye nini, na Nelda akamjibu kwamba anajua vizuri sana la kufanya. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Domitila akainuka. Kisha akachukua kapu kubwa, akapanga milcao ndani yake, kwani chakula hakitupwi, akajifunga kilemba.

Alianza na kina Luma, akiona heri aanze na wagumu awamalize. Luma Mkubwa alimkaribisha vizuri mno. Akamkalisha karibu na jiko. Walizungumza viazi. Walizungumza mvua. Walizungumza mguu wa bibi, na bibi mwenyewe akaitwa auonyeshe. Mwisho Domitila alishika makali ya benchi, akasema, "Nimekuja kukuomba."

"Unamwomba nani?" aliuliza Luma Mkubwa.

"Wewe. Nani mwingine?"

"Niombe kwa jina nililobatizwa."

Domitila alifungua kinywa, na jina halikuwepo. Alilitafuta. Alikuwa amesimama pembeni ya mtu huyu alipobatizwa, alikuwa ameshika mshumaa, na hakukumbuka. Luma Mkubwa alikunja mikono, akasubiri kwa raha ya mtu aliyesubiri kwa miaka. Ni mkewe aliyemwonea huruma akanong'ona kutoka nyuma ya sufuria: Clodomiro.

"Clodomiro," alisema Domitila, masikio yamemwiva. "Nimekuja kukuomba, jirani yangu Clodomiro."

"Nitakuja na nira mbili za maksai, doña Domi," alisema Clodomiro, na kwa mshangao wake mwenyewe akahisi machozi. Alisingizia moshi.

Habari huko kwetu hukimbia kuliko miguu. Alipofika kwa Luma Mdogo, sharti lilikuwa lile lile, na kwa Arrayán vile vile, na kwa mwalimu Notro pia, aliyetaka hata jina la ukoo wa mama yake. Domitila alitembea alasiri yote kwenye njia za msituni, kapu likizidi kuwa jepesi, akiyakariri majina ya watu kwa sauti kama mtoto wa shule. Murta, matunda madogo mekundu ya msituni, ilikuwa imeiva kando ya njia. Aliichuma akila, midomo ikanukia. Katikati ya njia akajikuta anatabasamu peke yake. Alishangaa kwamba kuomba hakumuui mtu. Alikuwa ameogopa bure, kama watoto wanavyoogopa kisima.

Ikabaki nyumba moja.

Sixto alikuwa chini ya ulmo, anatazama mizinga yake ya nyuki. Mti ulikuwa umechanua mweupe kuanzia shina hata kilele, na mzima wote ulikuwa unavuma. Alimwona Domitila anapanda, akatazama kulia na kushoto, lakini hapakuwa na quila karibu ya kuingia.

"Don Sixto," alisema Domitila. Jina hilo halikuwahi kumtoka kichwani.

"Umekuja kuniarifu?"

"Nimekuja kukuomba."

Nyuki walivuma. Sixto alivua kofia, akaizungusha mikononi kama siku ile ya kanisani. Kisha akasema kwamba atakuja, lakini mwenye kuongoza ni yeye, na nyumba itapita katikati ya shamba lake, na ulmo huu haukatwi. Watauzunguka hata kama ni kazi ya siku nzima. Domitila akamjibu kwa ukali ni nani aliyetaja kuukata, ulmo huo alikuwa akiukwea kabla yeye Sixto hajajua kufunga kamba za viatu. Sixto akasema tawi la chini lilivunjika kwa sababu yake. Domitila akasema lilikuwa limeoza. Wakabishana juu ya lile tawi mpaka jua likaegemea, na wakaachana wote wawili wakiwa wamepona kitu, ingawa hakuna aliyeomba radhi. Hilo nalo lilikuwa la kuombwa, na Domitila alilijua. Alikwenda nalo nyumbani, limemkaa shingoni.

Siku ya minga kijiji kizima kilishuka. Mvua ilinyesha asubuhi kwa adabu, ikaondoka. Walitoa vioo na milango, wakakaza kuta kwa mbao za mshazari, wakaichomoa nyumba kwenye nguzo na kuiweka juu ya magogo mawili ya coigüe. Maksai walifungwa jozi kwa jozi, safu mbili ndefu, wa Sixto mbele, wanapumua mvuke. Mlinzi wa kanisa alinyunyiza maji ya baraka kwenye pembe nne na kidogo kwenye maksai. Kila mtu alimwomba Domitila atoke ndani.

Hakutoka. Alikuwa na watu mia wenye tumbo tupu wa kulisha, alisema, na jiko lake limeshika moto vizuri, na hajawahi kuzima jiko kwa sababu ya safari. Nelda alimwendea Sixto kulalamika. Sixto alilitazama bomba la moshi.

"Mwache," alisema. "Nyumba yenye moshi inajua ina mwenyewe."

Akainua fimbo yake, akapiga ukelele, maksai wakainamisha vichwa, kamba zikakaza na kulia, na nyumba ya Domitila ikatikisika, ikaugua, ikaondoka. Huwezi kulizoea jambo hilo hata ulione mara ngapi. Nyumba uliyoijua mahali pake tangu utotoni inapita mbele yako, inapanda mlima, na bomba lake linatoa moshi, na dirishani mwanamke mwenye unga mpaka kwenye nyusi anapunga mwiko. Watoto walikimbia pembeni wakipiga kelele, na watu wazima walitamani kuwa watoto. Kila wakipumzika, mkono ulitokea dirishani na sahani ya milcao ya moto.

Walipofika shambani kwa Sixto walianza kuuzunguka ulmo. Hapo ardhi ni laini. Gogo la upande wa chini lilididimia kwenye mtaro, nyumba ikainama, na ndani kukasikika mlio mkali wa kitu kupasuka. Kamba zote zikasimama.

Ndani, Domitila alikuwa ameshikilia sufuria ya mafuta kwa mikono miwili, haikumwagika tone. Aliiweka chini, akaenda chumbani kutazama. Ukuta wa upande wa baharini, ule uliopigwa na mvua miaka yote, ulikuwa umepasuka. Ubao mmoja ulichanika kwa urefu wake, rangi imebanduka, na kwa nyuma mbao ilikuwa na unyevu. Domitila aliinama. Kabla hajaona, alinusa.

Alisimama. Akainama tena, akanusa tena. Alichukua kisu cha viazi, akakwangua rangi kwenye ubao wa pili, akaulowesha kwa kidole na mate. Akaenda wa tatu. Akaenda ukuta wa pili. Kila ubao ulimwambia neno lile lile. Chumba kizima, ambamo alilala usingizi wake wote wa ndoa na wa ujane, ambamo alimnyonyesha Nelda na kumfunga macho Baldomero, kilikuwa cha tepa.

Alitoa kichwa dirishani. Watu waliona uso wake wakadhani ameumia.

"Don Sixto," aliita. "Njoo hapa."

Sixto alikuja, akasimama chini ya dirisha, kofia mkononi. Domitila alimpa kile kipande cha ubao. Hakuhitaji kukinusa.

"Hizi mbao aliweka nani?"

"Mimi na Baldomero," alisema Sixto. "Wewe ulikuwa hospitali, mjini Castro, unamzaa huyu Nelda. Alikuwa amekuahidi mañío. Alizunguka msitu wote hakupata, na mtoto alikuwa anakuja nyumbani kwenye upepo. Nikampa tepa niliyokuwa nimeianika bandani mwaka mzima na zaidi, ikawa imeacha kunuka. Tukaipaka rangi ya mañío usiku na mchana. Akaniapisha nisikuambie."

"Na yeye ameshakufa. Siku ile kanisani alikuwa ameshakufa. Neno moja tu ungesema, ungenifunga mdomo mbele ya watu wote."

"Niliapa," alisema Sixto. Akaitazama kofia yake. "Tena zile nguzo nilikosea kweli. Nilikuwa na haraka, nikaona ni nguzo tu. Tepa haiwekwi udongoni, doña Domi. Tepa ni mti wa ndani."

Wale waliokuwa karibu na kamba walisikia kitu ambacho hawakukitarajia. Domitila alikuwa anacheka. Kilianza chini, kama jiko linaloshika, kikapanda, mpaka akalazimika kushika fremu ya dirisha, na machozi yakachimba njia kwenye unga wa mashavu. Alikuwa akimlilia Baldomero, mwongo wake mpenzi aliyepaka rangi usiku kucha ili mkewe arudi kwenye mañío. Alikuwa akimlilia pia mtu huyu aliyesimama chini, aliyeyabeba matusi yake miaka yote hiyo na jibu limo mfukoni. Aliona haya, na alikuwa na furaha, na hakujua kipi kilitangulia.

Sixto akamwomba ashuke sasa, nyumba iwe nyepesi. Akamjibu kwamba milcao zitaungua. "Vuta," alisema, akiwa bado anafuta macho kwa aproni. "Vuta, Sixto, usitusimamishe hapa kama watalii."

Waliweka matawi chini ya gogo, wakavuta, nyumba ikatoka mtaroni, ikauzunguka ulmo bila kuugusa hata jani, na kabla jua halijatua ilikuwa imekaa kilimani, imetazama bahari kutoka juu kama mtu aliyeshinda kesi.

Karamu ilikuwa tayari. Walichimba shimo, wakaweka mawe ya moto, kome, nyama na viazi, wakafunika kwa majani ya nalca, yale mapana ambayo mtoto mmoja anaweza kujificha mvua chini yake. Kwa desturi mwenye nyumba humpa kiongozi wa maksai glasi ya kwanza ya chicha na kumshukuru kwa maneno machache. Domitila alisimama juu ya gogo. Watu wakanyamaza wakijua kwamba maneno yake hayajawahi kuwa machache.

"Mnakumbuka nilivyosema mlangoni pa kanisa," alianza. "Nilisema nyumba yangu ni mañío mtupu. Nyumba yangu ni tepa. Kuta zote. Nimelala ndani ya tepa tangu Nelda azaliwe, na sijapata hata mafua. Nilimtukana mtu kwa kitu kilichonifunika. Sixto Chiguay, naomba radhi. Naomba mbele yao hawa, kwa kuwa nilitukana mbele yao hawa."

Akampa glasi. Sixto aliipokea, akainywa yote. Ni Clodomiro aliyedakia, akiwa na chicha kidogo kichwani na usalama wa watu wengi kuzunguka.

"Basi leo ni leo. Doña Domi, unajua wewe ni mti gani?"

Arrayán alimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Domitila alizungusha macho. Kila mtu alipata kitu cha kutazama ndani ya sahani yake. Mwisho macho yake yakatua kwa Sixto.

"Michay," alisema Sixto. "Kijiji kizima. Tangu ulipoolewa."

Michay ni kile kichaka chetu cha miiba ambacho hata ng'ombe hukizunguka. Kina matunda madogo meusi, matamu, na anayeyataka hurudi nyumbani na damu mpaka kwenye viwiko. Moyoni Domitila aliiweka miiba upande mmoja na matunda upande mwingine, akavipima.

"Mmeniweza," alisema. Akashuka kwenye gogo, akaanza kugawa viazi.

Baridi ilipokuja bahari ilipanda, ikachukua ukingo, nguzo za zamani na ile shuka moja ya udongo. Domitila alikuwa juu akinywa chai, akaitazama ikihangaika. Sixto bado ni don Tepa. Kwetu jina likishaganda limeganda, hata mwenye kulitoa hawezi kulirudisha. Ila sasa akiitwa hivyo huitikia kifua mbele. Hupanda kilimani jioni na asali ya ulmo kwenye chupa, hugombana na Michay kuhusu tawi, kisha hurudi kwake.

Nelda alitaka kuziba ule ubao uliopasuka na kuupaka rangi. Mama yake alikataa. Uko wazi mpaka leo, pembeni ya kitanda, na mvua ikinyesha sana chumba kinanuka kidogo. Wageni wakikunja pua Domitila huwaambia watulie, huyo ni Baldomero.